Nakula kwa barabara, ila huu msitu uachwe bila barabara

Nianze na hili nisije nikaonekana mnafiki. Mimi ni dereva wa lori, lile trela refu la wazi la kufunga mzigo kwa mikanda na minyororo alafu unafunika na turubai, na mzigo wangu mara nyingi ni mbao. Yani kodi ya nyumba, viatu vya watoto, hata simu ninayoandikia hii makala, vyote vimetoka kwenye miti iliyokatwa na barabara zilizochongwa. Kwahiyo ukiniona natetea msitu usichongwe barabara usidhani nimehamia upande wa wale wasiotaka mti hata mmoja uguswe. Mti ukatwe, sawa. Ninachobishia ni barabara.

Njia yangu ni I-90, barabara kuu huku Marekani inayotoka magharibi kwenda mashariki. Napakia magharibi, Washington au Idaho, nashusha mashariki, na katikati lazima nipite milima ya Montana magharibi. Sasa kuna kipande pale, ukishavuka mpaka wa Idaho unateremka kuja mpaka mji mdogo unaitwa Superior, hicho kipande nimekipita usiku sijui mara ngapi. Chini bondeni unaona taa moja moja za watu, ila ukiinua macho upande wa kusini, kule juu mlimani, hakuna kitu, hakuna taa ya nyumba wala ya gari wala mnara wa simu unaopepesa, ni giza ambalo ukilizoea unaanza kuliona kama ukuta. Miaka sita nimepita pale nikijua hilo ni pori tu kama mapori mengine, watu wamechelewa kulifikia. Kumbe halijachelewa. Limeachwa kwa makusudi, na kuna watu wamepelekana mahakamani miaka ishirini na kitu kwa sababu yake.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja jirani yangu, alikuwa anaendesha greda kwenye barabara za misitu, amestaafu, magoti yamekwisha. Siku moja niko nje nakunja turubai namwambia nimechoka na ile milima, kwanini wasichonge njia ya mkato pale kusini tukatokea upande wa pili. Akanitazama kama mtu aliyesikia mtoto anauliza kwanini tusikaushe bahari tupite kwa miguu. Akaniambia, kijana, pale panaitwa Great Burn, na hapo hakuna barabara kwa sababu kuna watu walikaa wakaamua pasiwe na barabara, na mimi niliyechonga barabara maisha yangu yote nakwambia walifanya vizuri.

Jina lenyewe linatokana na moto. Agosti 20 na 21 mwaka 1910, siku mbili tu, upepo ulikusanya mioto midogo midogo iliyokuwa inawaka Idaho na Montana ukaifanya moto mmoja, zikaungua ekari kama milioni 3 na watu wasiopungua 85 wakafa, wengi wao ni vibarua wa kuzima moto. Karibu na Wallace, mji ambao lori langu linaupita kila wiki, kuna bwana anaitwa Ed Pulaski aliwaingiza watu wake kwenye handaki la mgodi wa zamani akasimama mlangoni na bastola, anayetaka kutoka anampiga, na wengi wao wakapona kwa sababu ya ile bastola. Huo msitu ulioungua mpaka kwenye mawe ndio leo umesimama tena kule juu. Hakuna aliyepeleka tingatinga kuusaidia.

Sasa huo ni mmoja tu. Misitu ya taifa ya Marekani ina vipande vingi vya namna hiyo, jumla ekari milioni 58.5, vimesambaa kwenye majimbo 39, ni karibu theluthi moja ya ardhi yote ya misitu ya taifa. Januari 2001, rais Clinton akiwa amebakiza siku chache tu kuondoka ikulu, serikali ilitoa kanuni inayosema humo hakuna kuchonga barabara mpya wala kuvuna mbao kibiashara, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kabla ya hapo ilifanyika mikutano zaidi ya 600 nchi nzima na watu wakatuma maoni kama milioni 1.6. Usiichanganye na ile sheria ya mapori ya mwaka 1964 ambayo ni kali zaidi, ile hata baiskeli hauingii nayo. Hii ya 2001 ni ya kawaida sana ukiisoma. Unawinda, unavua, unachunga ng'ombe, kwenye baadhi ya njia unapita hata na pikipiki, na barabara iliyokuwepo inabaki. Kinachokatazwa ni kuongeza.

Nikamuuliza mzee, sasa kama ni barabara tu kwani kuna shida gani, barabara ni udongo na changarawe, inakula nini. Hapo ndipo alipokaa chini. Nilijuta kumuuliza maana nilikuwa sijala, ila nilichosikia siku ile sijakisahau.

Kwanza akanipa hesabu. Misitu ya taifa ina barabara kama maili 370,000. Nikamwambia rudia. Mimi mwaka mzuri naendesha maili kama laki moja na ushee, na hapo nyumbani hawanioni, kwahiyo ningehitaji zaidi ya miaka mitatu kuzipita zote mara moja moja tu, bila kurudi nyuma. Mtandao mzima wa haiwei kubwa za Marekani, zile I zote, haufiki hata maili elfu hamsini. Yani hawa watu wa misitu wana barabara mara saba na zaidi ya zile, na walipotunga ile kanuni mwaka 2001 walikuwa wanadaiwa na barabara zao wenyewe matengenezo ya dola bilioni 8.4 ambazo hawana. Hiyo sababu watu wengi hawaijui, wanadhani kanuni ilitungwa kwa ajili ya ndege na maua. Sehemu kubwa ilikuwa pesa. Una nyumba ina vyumba mia tatu paa linavuja, alafu mtu anakuja anakwambia tuongeze vyumba.

Alafu akaja kwenye kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Mzee akianza kuongelea kalvati utadhani anaongelea mtoto aliyemshinda. Barabara ya mlimani, alisema, huwezi kuilaza tu juu ya ardhi, unakata upande wa juu unajaza upande wa chini, kwahiyo umeukata mlima kama unavyokata kipande cha mkate, na yale maji ya theluji yaliyokuwa yanashuka kidogo kidogo ndani ya udongo, hayaonekani, sasa yanatokeza pale ulipokata yanaanza kukimbia kwenye mtaro wako. Kila kijito unachokatiza unakiwekea kalvati. Siku unaliweka ni safi. Mwaka wa tatu tawi moja linaingia linakaa mdomoni, linazuia majani, majani yanazuia mchanga, na hakuna mtu anayepita kuangalia kwa sababu mbao zilishavunwa na kampuni ilishaondoka na bajeti ya greda imekatwa. Alafu mwaka mmoja mvua inanyesha juu ya theluji, maji yakifika kwenye kalvati yanakuta pameziba, yanapanda juu ya barabara, na ile barabara yote ya upande ule uliojazwa inashuka mtoni usiku mmoja. Tani na tani za udongo.

Na udongo huo unakwenda wapi? Unakaa juu ya changarawe ya mtoni, pale pale samaki wa trauti wanapotagia. Mayai yanahitaji maji yapite katikati ya mawe, udongo laini ukijaa yanakosa hewa yanakufa humo humo. Kuna aina moja ya trauti ya huku inaitwa bull trout, inataka maji ya baridi na masafi kuliko samaki karibu wote wa huku, mwaka 1999 serikali iliiweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini popote inapopatikana ndani ya majimbo 48 ya bara, na ukitaka kuipata bado ina afya nenda kwenye vijito vinavyotoka kwenye milima isiyo na barabara. Kalvati nyingine haijaziba kabisa, ila imetokeza juu kidogo ya maji upande wa chini, sentimita chache, samaki anayerudi kutaga anaruka anagonga chuma anarudi. Samaki hana pa kulalamika.

Nilikuwa nadhani msumeno ndio unaomaliza msitu. Msumeno unakata miti ya leo, msitu ukiachwa unarudi, Great Burn imerudi. Ila barabara ikishaingia inakaa, na kila kitu kinaingia kwa mlango huo huo. Magugu yanaingia kwenye matope ya matairi, Montana kuna gugu la maua ya zambarau linaitwa knapweed limefuata barabara mpaka mlimani huko linaua majani ya swala. Wawindaji haramu wanaingia. Dubu aina ya grizzly wenyewe wanakimbia, na wale wasiokimbia ndio wanaopigwa risasi, wengi karibu na barabara. Na wala sio mambo ya Marekani peke yake, mwaka 2016 watafiti walichapisha kwenye jarida la Science kwamba barabara zimeikatakata nchi kavu ya dunia vipande kama 600,000 na zaidi ya nusu ya hivyo vipande havifiki hata kilomita moja ya mraba. Nilipoisoma nilikuwa nimepaki nasubiri mzigo, nikaangalia dirishani nikaona lami mbele, lami nyuma, lami kushoto. Basi.

Nitakwambia na yangu, ya aibu. Mwaka juzi nilichukua pikapu yangu binafsi nikafuata ramani ya simu kwenda sehemu ya kuvua, ramani ikanionyesha mstari, nikaufuata. Mwanzo barabara nzuri tu, changarawe. Baada ya maili kadhaa majani yanaota katikati. Baadae matawi yanapiga vioo. Nikajiambia mimi dereva wa miaka yote hii nirudi kwa sababu ya matawi? Nikaenda. Kona moja nikakuta barabara imekwisha, sio imefungwa, imekwisha, nusu yake iko chini korongoni na bomba la kalvati linaning'inia hewani kama ulimi. Pa kugeuzia hakuna. Nilirudi kinyumenyume karibu maili mbili, mke wangu anatembea kwa miguu nyuma ya gari ananionyesha kwa mkono, na hajawahi kuniacha niisahau hiyo siku. Nilipomsimulia mzee hakucheka. Aliuliza tu, hilo bomba lilikuwa na upana gani.

Sasa turudi kwenye mkate wangu, maana najua kuna watakaosema dereva wa mbao anaukata tawi alilokalia. Nimelifikiria sana hilo nikiwa peke yangu kwenye usukani. Mwaka 2024 viwanda viwili vya mbao vya eneo la Missoula vilitangaza kufunga, kimoja cha Seeley Lake na kingine cha Missoula penyewe, watu wakapoteza kazi, na wengine nilikuwa nawajua kwa sura maana ndio waliokuwa wananipakilia. Iliniuma. Ila wenye kiwanda cha Seeley Lake walieleza wenyewe kilichowamaliza: wafanyakazi hawapatikani, nyumba za kuishi wafanyakazi zimekuwa ghali hawawezi kuzimudu, gharama zimepanda na bei ya mbao imeshuka. Barabara mpya kwenye mwinuko wa Great Burn ingetatua lipi hapo? Ile misitu iliyobaki bila barabara ilibaki kwa sababu iko mbali, mteremko mkali, miti yake kuitoa ni gharama. Ingekuwa na faida nono ingeshavunwa zamani, Wamarekani sio wavivu wa kukata miti, miaka ya mwisho ya themanini walikuwa wanavuna misitu ya taifa kuliko wakati wowote.

Ukitaka kuona hesabu hiyo ikiwa uchi nenda Alaska, msitu wa Tongass. Ekari milioni 16.7, mkubwa kuliko misitu yote ya taifa, na zaidi ya nusu yake haina barabara. Kule serikali iliwahi kuyapa makampuni ya kusaga miti kuwa rojo la karatasi mikataba ya miaka 50, kiwanda cha Sitka kikafungwa 1993, cha Ketchikan 1997, na kwa miaka mingi serikali imetumia pesa nyingi kuandaa mauzo ya miti na kuchonga barabara kuliko ilichopata kwa miti yenyewe. Unauza kwa hasara alafu unamwita mteja. Wakati huohuo mito ya humo humo inatoa samoni, na dubu wanawabeba wale samoni mpaka ndani msituni wanakula nusu wanatupa nusu, watafiti wakipima miti mikubwa ya pembeni ya mito wanakuta ndani yake naitrojeni iliyotoka baharini. Mti umekula samaki! Nilimsimulia mwanangu hiyo akaniambia baba unanidanganya. Na waliosimama mahakamani kuutetea sio watalii, ni wenyeji, kijiji cha Watlingit cha Kake ndicho jina lake limetangulia kwenye kesi kubwa ya msitu huo.

Kuhusu migodi nitakuwa mkweli ingawa ukweli wenyewe haunifurahishi. Watu wanadhani ile kanuni ya 2001 inazuia migodi. Haizuii, sio yote. Madini kama dhahabu na shaba kwenye ardhi ya serikali bado yanaongozwa na sheria iliyosainiwa na rais Grant mwaka 1872, mwaka elfu moja mia nane sabini na mbili jamani, watu wanatembea na nyumbu, na sheria hiyo inasema ukikuta madini kwenye ardhi ya umma iliyo wazi unaweka vigingi, na mpaka leo serikali kuu haichukui mrabaha hata senti kwenye hayo madini. Mwenye haki ya aina hiyo anaweza kudai barabara ya kufika kwenye shimo lake. Kilichozibwa ni mikataba mipya ya makaa ya mawe, mafuta na gesi, hiyo ndiyo isiyoweza kuchongewa barabara mpya humo. Kwahiyo kanuni ni nusu ya ukuta. Ila nusu ya ukuta kwenye njia yangu naielewa thamani yake, kwa sababu ya Butte.

Butte iko hapohapo kwenye I-90. Nasimama Rocker, pembeni kidogo ya mji, natia mafuta, naoga. Juu ya mji kuna shimo la shaba linaitwa Berkeley Pit, lilianza kuchimbwa 1955, lilimeza mitaa mizima ya watu, kina chake kama futi 1,780. Aprili 1982 wakazima pampu na maji yakaanza kupanda, maji yenye asidi na metali, na mwaka 1995 kundi la bata bukini weupe walioshuka kupumzika usiku wakafa 342, na mwaka 2016 wakafa tena, safari hiyo maelfu. Bata bukini hajui kusoma kibao. Nimeenda kuliona mara moja, kuna kibanda cha kuangalizia unalipia kuingia, rangi ya maji siwezi kuieleza, inapendeza kwa namna inayokutisha.

Lakini sio shimo lililoniingia. Ni mto. Taka za ile migodi na mitambo ya kuyeyushia ziliingia mto Clark Fork, na mwaka 1908 yakaja mafuriko makubwa yakazikokota kama maili 120 mpaka kwenye bwawa la Milltown, lililokuwa limemalizika kujengwa mwaka huohuo, mlangoni kabisa mwa Missoula. Zikakaa hapo chini ya maji, kimya. Mwaka 1981 ndio wakapima visima vya watu wakakuta aseniki. Miaka sabini na tatu! Waliochimba walishazikwa. Bwawa lilibomolewa 2008, matope yenye sumu yakapakiwa kwenye mabehewa ya treni yakarudishwa juu kule karibu na Anaconda yalikotoka, na watu wa kule, unaweza kuwaza wenyewe walivyofurahi. Hizo maili 120 mimi naziendesha karibu saa mbili, mto uko pembeni yangu muda wote, na kila nikivuka lile daraja namkumbuka mtu wa kisima. Kuna mtu alikunywa. Hakuwahi hata kuuona mgodi.

Sasa ukifika kwenye siasa hapo ndio kizunguzungu. 2001 kanuni imewekwa. 2005 rais Bush akaiondoa akasema kila jimbo liombe lenyewe. 2006 jaji wa California akairudisha, 2008 jaji wa Wyoming akaitupa, 2011 mahakama ya rufaa ikasema Wyoming kakosea, 2012 Mahakama Kuu kabisa ikakataa kuisikiliza tena. Katikati hapo Idaho na Colorado wakatengeneza kanuni zao wenyewe. Tongass imetolewa kwenye kanuni, imerudishwa, Trump akaitoa 2020, Biden akairudisha 2023. Alafu Juni 2025 waziri wa kilimo, Brooke Rollins, akatangaza wanaifuta yote, ukiacha hayo majimbo mawili yenye kanuni zao inabaki karibu ekari milioni 45. Agosti 29 wakafungua dirisha la maoni, siku 21. Ile ya kwanza ilikuwa na mikutano zaidi ya mia sita. Hii ni siku 21, na bado watu wakatuma maoni zaidi ya laki sita, na langu limo. Niliandika kwenye simu nimelala kwenye kitanda cha nyuma ya kiti, Kingereza changu cha kuungaunga, nikaandika kwamba nabeba mbao na sitaki hiyo barabara, nikaeleza habari ya kalvati. Nilikosea tahajia ya neno kalvati kwa Kingereza, nimeiona baada ya kutuma.

Sababu waliyoitanguliza ni moto, kwamba bila barabara wazima moto hawafiki. Sio hoja ya kijinga, naiheshimu, nimeendesha ndani ya moshi mpaka sioni boneti. Ila kanuni ile ile inaruhusu kupunguza miti midogo pale hatari inapokuwa kubwa, na barabara ya dharura ikiwa watu au mali viko hatarini. Na kuna jambo dereva yeyote wa trela analijua hata kama halisemi: mioto mingi ya nchi hii inaanzishwa na watu, na watu wako wapi? Barabarani. Mnyororo wangu ukilegea ukaburuta kwenye lami kiangazi unatoa cheche mpaka kwenye majani makavu ya pembeni, ndio maana kila ninaposimama nazunguka trela naangalia minyororo. Ni kweli pia mlimani kuna radi, na moto wa radi mahali pasipofikika unaweza ukawa mkubwa sana, sitaki kudanganya. Ila kwenda kuukinga msitu na moto kwa kuupelekea kile kinacholeta moto, hapo mniachie kidogo nifikirie.

Hoja iliyonisumbua kuliko zote ni nyingine, hata serikali sijaisikia ikiisema sana. Ni ya wazee na wenye ulemavu. Kama hakuna barabara basi huo msitu ni wa vijana wenye mapafu, na kodi tunalipa wote. Nilimpelekea mzee hiyo, maana ndio inamhusu yeye. Akanyamaza muda. Akasema nipeleke.

Tukaenda jumapili moja mwezi wa tisa, na pikapu yangu, yeye kiti cha mbele ananielekeza. Mpaka mwisho wa barabara. Hapo kuna njia ya miguu inaingia msituni, na magoti yake hayawezi hata robo maili. Nikamwambia basi turudi tu mzee, akakataa, akasema nenda mpaka kwenye kijito cha pili alafu uje uniambie. Nikaenda. Nilitembea kama saa mbili, mierezi mikubwa mwanzoni, alafu panafunguka, miti myeupe iliyokufa zamani katikati ya miti mipya, na ukimya ambao masikio yangu ya injini hayakuuzoea, nikawa nasikia damu yangu mwenyewe. Kijito cha pili kilikuwa chembamba naweza kukiruka. Nikapiga magoti nikanywa kwa macho tu, maji yenyewe nimekatazwa.

Niliporudi nilimkuta amefungua mlango wa gari ameweka miguu nje, anakula tufaha. Hakuniuliza kama nimeona dubu au kama ni pazuri. Aliuliza, chini kuna nini? Nikamwambia mawe, madogo madogo, ningeweza kuyahesabu. Tope? Hamna. Akatikisa kichwa akamalizia tufaha lake.

Kushuka ndio ilikuwa kazi, kwa sababu kila kalvati aliniambia simama. Yalikuwa kumi na moja. Anashusha kioo, anaangalia mdomo wa bomba, anasema twende. La tatu hakusema twende. Alishuka, akachukua koleo yangu nyuma ya gari, akateremka pale kwenye mtaro kwa makalio maana magoti hayakunji, akaanza kutoa matawi na mimi nikateremka nikamsaidia, giza linaingia, na wote wawili hatulipwi na mtu. Tulifika nyumbani saa nne usiku.